Ilikoenda Milima ya Walubengo

Jumanne hiyo ya soko, kabla Walubengo hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai, watu wenye mizigo walikuwa wameshajipanga nje ya geti lake pale Kapsoya. Mama wa kabichi alikuwa mbele kama kawaida, gunia limefungwa kwenye keria. Nyuma yake alisimama seremala aliyebeba kitanda kizima kwa baiskeli, kisha muuza mkaa, kisha akina mama wa mitumba. Hakuna aliyebisha. Walijua mzee akimaliza mkate wake atatoka, atapanda ile baiskeli yake ya mashindano, atashika barabara ya Nakuru, nao watamfuata mpaka sokoni Burnt Forest bila kutoka jasho. Walubengo akipita, mlima hulala.

Si mchezo. Ule mwinuko wa kwenda Cheptiret, unaofanya malori yangurume, ukisikia cheni yake unajilaza polepole, unabaki tambarare mpaka mtu wa mwisho apite na kitanda chake, halafu unasimama tena. Madereva wa malori walijifunza kumvizia na kuungana na msafara. Polisi wa trafiki walimpungia mkono. Kapsoya walihesabu hiyo kuwa bahati ya mtaa, kama vile mtaa mwingine unavyobahatika kuwa na maji ya mfereji wiki nzima.

Protus Walubengo alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na katika mji ambao hata padri hukimbia asubuhi, hilo peke yake lilikuwa ajabu kubwa kuliko mlima kulala. Alitoka Bungoma akiwa kijana kuja kutafuta kibarua, miguu yake ikampeleka Ulaya, akashindana huko mpaka mvi zikachungulia chini ya kofia. Alishinda kwenye milima ambayo wazungu wenyewe huipanda wakilia.

Na maneno yakaanza, kwani yangekosa? Mtu wa umri ule anapandaje vile? Walimpima mkojo mpaka akazoea kukojoa akitazamwa. Wakampima damu. Hawakupata kitu. Barabara hakuna aliyeipima. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani, na Eldoret watu wameshaona wakimbiaji wengi wakifungiwa kwa dawa, kwa hivyo masikio yao yana uzoefu.

Mwaka huu kamati ya mashindano ya baiskeli iliamua mbio za kila mwaka ziitwe kwa jina lake. Maximilla, katibu wa kamati, mwanamke asiyezungusha maneno, alikuja mwenyewe kumwambia.

"Mzee, jina limepita. Lakini kuna wale wanasema ati ulikuwa unadungwa sindano. Sasa siku hiyo tutakupea mursik, na atakayekupea ni Kinyanjui. Si mlikuwa mnalala chumba kimoja huko Ulaya? Yeye akikupea, nani tena atafungua mdomo?"

Mursik ni maziwa ya kibuyu, yaliyoganda na kutiwa mkaa wa mti uliosagwa, na katika mji ule hayanywewi hadharani ovyo ovyo. Bingwa akishuka kwenye ndege hupewa anywe, na anayemshikia kibuyu ni kama shahidi wake: huyu alishinda, nami nimekubali. Desturi ni ya Wakalenjin, lakini hata waliohamia hapo kutoka Bungoma na Nyeri waliichukua zamani, na hakuna anayecheza nayo.

Nanyama, mkewe Walubengo, alifurahi akapeleka kitenge kwa fundi siku hiyo hiyo. Walubengo alifurahi pia, ila chai yake ilipoa. Tangu arudi kutoka Ulaya hakuwa amekanyaga kwa Kinyanjui.

Wote wawili walikuwa timu moja, na Kinyanjui ndiye aliyekuwa mpandaji milima wao. Jioni moja hotelini daktari wa timu aliingia chumbani mwao na kikasha cha barafu. Walubengo alikunja mkono wa shati. Kinyanjui alisema anashuka kuosha cheni yake, akashuka. Kesho yake mlima ulilala mbele ya Walubengo kwa mara ya kwanza, na mbele ya Kinyanjui barabara ikasimama mpaka ikamgusa paji la uso. Msimu ulipoisha Kinyanjui alirudishwa nyumbani. Walisema ni uvivu. Walubengo aliendelea kushinda, na hakuuliza milima hiyo inakwenda wapi. Kitu kikikulalia vizuri, huna haja ya kukiamsha.

Basi Jumanne ile alipofika sokoni, akaagana na mama wa kabichi, akakata kona kwenye barabara ya vumbi inayokwenda kwa Kinyanjui. Huko ni mashamba ya viazi, tambarare kama meza. Katikati yake ulisimama mlima mmoja peke yake, kama ugali kwenye sinia, na juu kabisa bati la nyumba likimetameta. Mlima ulipomsikia ukalala. Alifika getini akiwa mkavu.

"Karibu, shemeji," alisema Wahu, mkewe Kinyanjui, akipangusa mikono kwenye leso. "Leo umekumbuka njia."

Kinyanjui alikuwa ameenda kupeleka maziwa kwenye lami. Walimsubiri. Mlima ulikuwa umeshasimama tena, na baadaye kidogo wakamwona akitokea chini akisukuma baiskeli na mikebe mitupu, akipumzika kila kona, mkono kwenye goti. Alipofika alimwangalia Walubengo shati, akacheka.

"Wewe bado hutoki jasho!"

Wakasalimiana kwa kukumbatiana, na Walubengo akaona haya ikimpanda usoni, maana mwenzake alikuwa amelowa mpaka mgongoni. Kinyanjui alimtembeza boma lake kama mtu anayeonyesha ng'ombe.

"Pale chini kwenye mikaratusi, huo ni mlima wa siku ile ya mvua ya mawe. Unaukumbuka? Ulituacha wote. Huu tumesimama ni wa siku uliyopewa jezi ya kiongozi. Ulikuja na theluji, Wahu akaufagia wiki nzima. Na hivi vidogo vya pembeni ni vya Jumanne: mlima ukikulalia kule, kimo chake huja huku. Siku moja bampu ile ya kupunguza mwendo pale Cheptiret ilikuja na rangi yake."

"Pole, Baba Ciru," alisema Walubengo.

"Ni mlima tu. Viazi vinapenda baridi."

Wahu aliongeza kwamba mwaka ule wa moto wa uchaguzi, nyumba za majirani zilipochomwa, waliokuja na mafuta ya taa walipanda mpaka katikati, wakakaa chini kupumua, wakaona kazi ni nyingi, wakarudi. Walubengo aliposikia hivyo moyo wake ulitulia ghafla. Alijiambia kumbe lile jambo lilikuwa na faida, na kitu chenye faida si kibaya chote. Akajisikia vizuri, akaomba mursik.

Kinyanjui hakukawia. "Nitakupea. Kwani hukushinda? Lakini ukishikishwa maiki, waambie milima ilienda wapi. Hiyo tu. Baba yangu alikufa akijua nilirudishwa kwa uvivu. Huyu mama naye amekuwa akinitetea sokoni mpaka amechoka."

"Nitasema," alisema Walubengo, na alimaanisha.

Kabla hajaondoka alijitolea kubeba mikebe ya jioni mpaka kwenye lami. Kinyanjui alikataa kwa upole. Kila Walubengo akishuka na kupanda hapo kwa baiskeli, alieleza, mlima unalala, na jioni unarudi na kipande cha ziada. Afadhali aende zake kwa mguu. Kwa hivyo Walubengo alishuka akiwa amekokota baiskeli, na kwa miguu mlima haukumlalia, akapita kila bonde na kilima chake kama binadamu wengine, akafika barabarani akihema. Alishangaa kidogo jinsi mapafu yanavyouma.

Jumamosi uwanja wa Kapsoya ulifurika. Viti vya plastiki, hema, spika zinazopiga kelele zenyewe. Nanyama alikaa mbele na kitenge chake kipya, na kusema kweli kilimkaa. Kinyanjui alipanda jukwaani na koti la harusi yake, akiwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Alimwangalia Walubengo usoni, akampa. Walubengo alikunywa. Vigelegele vikapasua hewa, na hata wale waliokuwa na maneno walipiga makofi, kwa sababu shahidi ameshatoa ushahidi, wewe nani?

Maximilla akampa maiki.

Walubengo alifungua mdomo. Mbele yake alimwona mama wa kabichi, ameegemea baiskeli, amevaa kofia yenye jina lake. Alimwona seremala. Alimwona Nanyama akifuta jicho. Maziwa yalikuwa bado yako ulimini, machachu, matamu.

"Huyu ni rafiki yangu wa kweli," alisema. "Anaishi juu. Huko kwake kuna hewa safi sana."

Watu wakashangilia. Kinyanjui alisubiri. Walubengo alimrudishia Maximilla maiki, na Kinyanjui akasubiri kidogo tena, kama mtu anayengoja mvua iliyokwisha kupita, kisha akaketi.

Mtu akapiga kelele kwamba shahidi asindikizwe mpaka kwake, na hiyo ndiyo ikawa sherehe yenyewe. Kapsoya nzima ilipanda baiskeli nyuma ya Walubengo. Mlima wa Cheptiret ulilala, na ule unaofuata, na ule mwingine, na watu waliimba mpaka Burnt Forest. Kinyanjui alikuwa katikati yao, koti likipepea. Goti halikumuuma hata mara moja. Alikuwa hajaenda kasi namna ile tangu ujana, na Walubengo alipogeuka alimwona anacheka kwa sauti, mdomo wazi, machozi yakimtoka kwa upepo. Walubengo alifurahi kweli. Alifikiri, basi si haba.

Wengine walibaki sokoni wakicheza. Walubengo na Kinyanjui walipanda hadi bomani, mlima ukiwa umelala, wakaingia ndani. Wahu hakuwa amekwenda uwanjani kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa amezaa. Alikuwa ameweka chai ya maziwa mezani na viazi vya kuchemsha, na hakukaa.

"Alisema?" alimwuliza mumewe.

Kinyanjui alikuwa bado anahema kwa furaha. Alitazama goti lake. Alimtazama Walubengo, ambaye alikuwa anatazama kikombe.

"Alisema," alijibu.

"Mbele ya watu wote?"

"Wote."

"Na wakasemaje?"

"Walipiga makofi."

Wahu aliketi sasa, akajifunika uso na leso, mabega yakatikisika. Alipomaliza alisimama akammiminia Walubengo chai mpaka ikamwagikia sahani. "Asante, shemeji," alisema. "Mungu akubariki. Sasa nitaenda sokoni kama watu." Walubengo alipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na tangawizi, nzuri sana.

Nje vilisikika vishindo, kimoja baada ya kingine. Ilikuwa milima ya siku ile inaanza kufika kutoka barabara ya Eldoret, na kwa kuwa waliofuata msafara walikuwa wengi, ilikuja mikubwa. Kinyanjui aliomba radhi, akainuka kwenda kumhamisha ndama kabla zizi halijafikiwa. Walubengo aliweka kikombe chini ili amsaidie.

"Kaa, shemeji," alisema Wahu. "Wewe ni mgeni."

Akakaa.