Kanuni ya Mgongano

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Programu ya duka la dawa la kaka yake aliiandika yeye, bure bilashi. Habari za wagonjwa wote zilikaa kwenye faili moja, lakini ndani ya programu yenyewe alitunga kanuni, akaiita mgongano. Kila mgonjwa alipoandikiwa dawa mpya, amri iliyomo kwenye faili iliiita kanuni hiyo ikague kama dawa haipigani na nyingine anazomeza. Zikipigana, programu inagoma.

Wala hakuwa anacheza. Mama yao alikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, na aina nyingi za vidonge vya maumivu kwake ni hatari.

Basi kaka, mtu wa kupenda makubwa, akaletewa na rafiki yake programu nyingine, ya rangi na chati, inayofungua faili ile ile. Kusoma, ilisoma vizuri. Kuandika ndio ikawa shughuli: kila mara inakataa, eti haiijui mgongano. Itaijuaje, jamani, na kanuni imo ndani ya programu ya Kitinda?

"Kazi yako mbovu," kaka akamwambia mbele ya wauzaji.

"Si mbovu, kaka. Huyo mgeni wako hana kanuni. Chati angalieni kwake, dawa andikieni kwangu. Au nipe wiki hii nimfundishe."

"Wiki nzima wateja wanisubiri wewe?"

Akampigia rafiki yake. Rafiki akaifuta kwenye faili ile amri ya kuita mgongano, na papo hapo kila kitu kikaenda mserego. Kaka akacheka, akamwita mdogo wake "mama visingizio", na wauzaji nao wakacheka. Kitinda roho ilimuuma. Hapo ndipo nami ninapomlaumu: alisusa. Alibeba mkoba wake akaenda zake, bila kumwambia mama hata neno.

Mama akaja dukani na magoti yanayouma. Muuzaji akamwandikia vidonge vya maumivu, programu mpya ikapokea bila kinyongo, na chati ya mauzo ikapanda kidogo. Wiki haikuisha, mama akaanza kutapika damu.

Kitinda alipofika wodini alimkuta kaka ameshakaa kando ya kitanda, ameushika mkono wa mama.

"Kakako amenieleza," mama akasema kwa sauti iliyokwisha. "Programu yako ilikosea."

Kitinda akamtazama kaka. Kaka akajitia kunyoosha shuka. Maneno yalimjaa Kitinda mdomoni, yote ya kweli, lakini mama alikuwa anaongezwa damu na daktari alishaonya asikasirishwe. Akayameza.

"Usijiumize, mwanangu," mama akasema. "Mimi nimeshakusamehe."

"Ahsante, mama," Kitinda akajibu.