Mikono ya Gauni la Jecinta

Mimi sipendi kuharakishwa, na Ijumaa ile kila mtu katika soko la Gikomba, ninakoshonea nguo, alikuwa na haraka. Nilikuwa napiga pasi mikono ya gauni la harusi la Jecinta, binti wa jirani yetu hapa Kaloleni, nimeilaza mmoja juu ya mwingine nimalize upesi. Mkokoteni uliobeba mitumba ukagonga meza yangu. Kifuniko cha pasi yangu ya makaa kikafunguka, kaa la moto likaangukia satini, na kabla sijalipangusa lilikuwa limetoboa mikono yote miwili. Mwenye mkokoteni alisema pole, akapita zake. Nilimtukana mpaka akapotea machoni.

Maduka yalikuwa yanafungwa. Harusi ni kesho, na satini yenyewe ilitumwa na shangazi yake kutoka Uingereza, haikubaki hata kipande. Mama yake Jecinta alitaka mafundi wa mjini, lakini Jecinta alikataa, akasema ni mimi tu, Aoko, nitakayemshonea. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Niliifumua mikono iliyoungua, nikalikunja gauni nikarudi nalo nyumbani, hasira imenipanda hadi kichwa kinagonga.

Watu huniuliza nani alinifunza kazi hii. Ni mama, ambaye hajawahi kugusa cherehani. Nikiwa darasa la tatu nilikata koti kuukuu la baba la kazi ya reli, nikajishonea sketi. Upande mmoja ulikuwa mrefu, na mfuko wa koti ulikaa makalioni. Nilijua nitachapwa. Mama aliigeuza huku na huku, halafu Jumapili akanivalisha hiyohiyo, akanishika mkono hadi kanisani. Kila aliyecheka aliambiwa, "Ameshona mwenyewe. Wako ameshona nini?" Tangu hapo, nikilia kwamba sina uzi au sina kifungo, hakunionea huruma hata kidogo. Alisema tu, "Zunguka nyumba, Aoko. Hutakosa kitu."

Basi Jumamosi asubuhi nikazunguka nyumba. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda ukumbini kupika na wanawake wa kanisa. Shuka zilikuwa zimechakaa. Pazia lilikuwa na maua mekundu. Nikaketi kwenye kochi, machozi karibu, na kiwiko changu kikatua juu ya kitambaa.

Vitambaa vya makochi vya mama! Vyeupe pe, alivifuma kwa mkono wake jioni baada ya jioni, akavifua kwa buluu ving'ae na kuvitia wanga. Hata mchungaji akiegemea, mama alimtazama kwa jicho la pembeni. Nilivikusanya vyote. Vile vikubwa vya migongoni vikawa mikono, vidogo vya pembeni nikavizungushia mwishoni. Jecinta alipovaa, alijiangalia kwenye kioo, akaanza kulia. Nikaogopa. Kumbe alikuwa amefurahi, anataka kujua lesi nzuri hivyo nimeitoa wapi. Nikamwambia atulie nisije nikamchoma na sindano.

Maarusi walipofika ukumbini kutoka kanisani, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kumwona bibi harusi. Akatabasamu. Kisha tabasamu likakwama. Aliifuata ile mikono kwa macho kutoka mlangoni hadi meza ya mbele, halafu akaanza kunitafuta mimi. Aliponiona, alinikazia macho. Akarudi kwenye sufuria zake, nami nikasukuma sahani yangu ya pilau pembeni.

Jioni wageni wachache walikuja kwetu kunywa chai. Makochi yalikuwa matupu, na mabaka yote yaliyokuwa yamefichwa yalionekana. Shangazi yangu mmoja, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza, "Mama Aoko, leo makochi yako yako uchi?"

Niliinamisha kichwa. Mama aliendelea kumimina chai.

"Vitambaa vimeenda harusini," akasema. "Fundi wangu alivihitaji."

Hakuwa amewahi kuniita fundi, hata siku moja. Nilifurahi kiasi kwamba sikupata nguvu ya kumwambia nilikuwa nimevikata kwa mkasi, havitarudi tena makochini.