Kombe la Mbio za Uvira

Wageni walileta mbuzi, walileta kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye madumu mawili, walileta na baba mkubwa mwenye sauti nzito wa kuwasemea. Kombe hawakuleta. Gérard aliwatazama mikono mmoja mmoja walipokuwa wanavua viatu mlangoni kwake, pale Nguba, mjini Bukavu, na moyo ukamshuka.

Siku ya posa baba wa binti hasemi. Anakaa kwenye kona yake kama mgeni aliyekosea nyumba, na msemaji wake ndiye anayetupiana maneno na wageni. Msemaji wa Gérard alikuwa kaka yake Barthélemy, mtu ambaye akipewa nafasi ya kuongea hairudishi. Zaidi ya Gérard, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ng'ombe na mbuzi si kitu leo, kwamba kuna sharti jingine.

Sharti lenyewe lilitoka kitandani. Baba yao, Muzee Léopold, alipokuwa anakata roho alimshika Gérard mkono akamwambia, "Kwa batu ba Zagabe usipeleke mutoto, mpaka coupe yangu irudi." Gérard aliapa: bila kombe hilo, hakuna ndoa. Nani anabishana na mtu anayekufa? Halafu angalia mambo ya dunia: vijana wote wanaopanda na kushuka vilima vya Bukavu, na Ornella wake akaenda kumpenda Cédric, mjukuu wa Zagabe yule yule.

Asubuhi ile Ornella alisema na baba yake huku akimpigia pasi koti. "Papa, ukikatala, sitakimbia. Nitabakia hapa nyumbani, utakuwa unaniangalia kila siku." Afadhali angetisha kutoroka. Gérard akavaa koti likiwa bado la moto.

Habari ya kombe aliijua kama Baba Yetu. Mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitler, wazungu wa mashamba walifanya mashindano ya motokari: watoke Bukavu, wateremke mlima wa Ngomo, wapite Kamanyola mpaka Uvira, kisha warudi. Magari manyonge yalitangulia alfajiri, yenye nguvu yakazuiwa mpaka jua lipande, ili wote wapate nafasi sawa. Kila gari lilikuwa na mzungu kwenye usukani na fundi mweusi ubavuni, wa kutia maji kwenye rejeta, kuziba mipira na kusukuma matopeni. Léopold alikuwa kwenye gari dogo lililotangulia. Zagabe, rafiki yake tangu walipochunga ng'ombe pamoja kule Kabare, alikuwa kwenye gari kubwa lililotoka mwisho. Na Léopold ndiye aliyerudi wa kwanza. Wa kwanza! Kombe likaenda kwa Zagabe. Kuanzia siku ile marafiki wale hawakusalimiana tena, hata kanisani.

Barthélemy akakohoa. "Ngombe tumezungumuza. Mbuzi tumeiona, iko muzuri. Sasa inabakia kitu moya. Mutarudisha ile coupe."

"Coupe gani?" aliuliza Ezéchiel, yule mwenye sauti nzito, baba mkubwa wa Cédric na mtoto wa marehemu Zagabe.

"Ya mbio ya Uvira. Ile mulichukua."

Ezéchiel aliweka glasi chini polepole. "Sisi? Muzee, ile coupe njo iko kwenu! Miye leo nilifikiri mutatuonesha, hata kwa mbali."

Gérard alicheka. Alidhani ni mzaha, kwa maana posa bila mizaha haiendi. Lakini Ezéchiel hakucheka, wala wale waliokuja naye, na kicheko cha Gérard kikabaki peke yake sebuleni. Akasahau kona yake, akasahau desturi.

"Baba yangu alifika mbele," alisema. "Vile mulipata coupe, muliiba."

"Alifika mbele juu alitoka mbele! Baba yetu alitoka mwisho, akakaribia kumukamata. Nani alikimbia? Coupe ilikuwa ya baba, bakawapa ninyi."

"Kufika mbele njo kushinda!"

"Kukimbia njo kushinda!"

Cédric, ambaye ni injinia na hapendi kelele, akasogeza chupa za Primus na za Fanta mezani ili awaeleze wazee. Hii ndogo imetoka saa hii, hii kubwa saa ile. Kama walipewa kutangulia ili wafikie sawa, anayefika mbele ameshinda. Lakini kama bazungu walihesabu tena saa za njiani, basi ni huyu. Ao ni huyu mwingine, kama yule alizuiliwa zaidi. Alisogeza chupa mpaka yeye mwenyewe akasahau ipi ni ya nani, na Barthélemy akanywa moja. Kichwa cha Gérard kikawa soko la Kadutu, kila mtu anauza na hakuna anayesikia bei. Baba yake alishinda, au hakushinda? Na kama hakushinda, yeye aliapa nini?

"Gérard," Ezéchiel akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ile coupe, baba yako aliiona kwetu kwa macho?"

"Aliiona."

"Wapi?"

Gérard alifungua mdomo, na maneno yakatoka jinsi alivyofundishwa utotoni, neno kwa neno. "Bazungu baliingia ndani ya serkle, klabu yao, coupe itolewe. Beusi hawakuingia. Baba akabakia inje na motokari, anapanguza matope. Akasikia makofi. Kisha patron yake akatoka, akamuambia..."

"'Benzenu balichukua,'" Ezéchiel akamalizia.

"Umejuaje?"

"Baba na yeye njo vile patron wake alimuambia. Na yeye alikuwa inje. Na yeye alisikia makofi."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.

"Motokari zilikuwa ngapi?" Gérard aliuliza.

"Nyingi. Saba, ao zaidi."

Saba, ao zaidi. Gari lolote kati ya hayo lingeweza kuwa la "benzenu". Gérard aliitafuta hasira aliyoachiwa urithi, ile aliyoitunza kuliko kiwanja, akakuta hajui aielekeze wapi. Walikuwa marafiki wawili kati ya mafundi wa nje ya mlango ule, wenye matope mamoja na matambara mikononi, na kila mmoja aliposikia "benzenu" alimtazama yule aliyesimama karibu naye. Hawakumjua mwingine wa kumtazama.

Gérard akakumbuka siku ya maziko ya Zagabe, yeye akiwa kijana. Baba yake alivaa koti, akachukua kofia, akafika mlangoni, akasimama sana. Kisha akarudi akakaa. "Siendi," alisema. "Bataweka coupe yangu juu ya sanduku niione." Siku nzima hakuvua koti.

Gérard aliwasimulia hivyo hivyo, bila kupunguza.

Ezéchiel alifuta uso kwa kiganja. "Tulimuwekea kiti," alisema. "Mbele, karibu na sanduku. Watu wanakuja kukaa, maman anawafukuza: hapana, hiyo ni ya Léopold, atakuja. Mpaka tukaenda makaburini, hakuna mutu aliikalia."

Barthélemy, maana msemaji hanyamazi hata akipotea, aliuliza, "Sasa, coupe tunaiweka wapi kwenye dot, ile mahari?"

"Tuiache," Gérard alisema.

"Na nani alishinda?"

"Sijui, yaya," akamjibu kaka yake. "Kweli sijui."

Aliinuka. Akabeba kiti chake kutoka kwenye kona ya baba wa binti, akavuka nacho sebule yote huku wageni wakivuta miguu wampishe, akakiweka ubavuni mwa Ezéchiel, akakaa.

"Muiteni Ornella," alisema.