Taa Iliyohamia Kifuani

Fundi alichomoa waya hasi wa betri, akaangalia saa, akakalia ndoo iliyopinduliwa kusubiri dakika kumi. Mfuko wa hewa wa gari hauna mzaha. Ukiuvamia ungali na umeme, unaweza kukufumukia usoni.

Gari lilikuwa la mkunga wa zahanati, dogo, jeupe. Kwenye dashibodi yake taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa na puto mbele yake ilikuwa inawaka tangu Jumatatu. Mkunga alisubiri kwenye benchi pamoja na mama yake mzazi, ambaye alikuwa anapelekwa kliniki ya macho.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilikuwa imeshasema kasoro iko wapi: waya umekatika upande wa abiria. Dakika kumi zilipotimia, fundi alianzia chini ya kiti. Soketi ya njano ilikuwa safi na imekaa sawasawa. Akaufuata waya hadi mbele, akafungua kifuniko cha dashibodi.

Mfuko haukuwapo. Mahali pake pamesokomezwa tambara, na pembeni rezista ndogo kama punje ya mchele imefungwa tepu, mguu wake mmoja umeachia. Kazi ya kirezista hicho ilikuwa kuidanganya kompyuta ya gari kwamba mfuko upo. Tepu imezungushwa mara tatu na ncha yake kukunjiwa ndani. Gereji nzima mtu mmoja tu ndiye aliyefunga tepu hivyo: kaka yake, mwenye gereji, aliyemfundisha kazi, na aliyemuuzia mkunga gari hilo.

Fundi, dada mtu, akamvuta kaka yake kando. "Kaka, gari hili halina mfuko."

"Najua. Lilikuja limegongwa."

"Na yule bibi, mama yake mkunga, anakaa palepale."

"Mdogo wangu, wamekuja kwa ajili ya taa. Chomelea huo mguu, taa izime, watu waende zao."

Fundi akachomelea. Kazi ilitoka safi, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Akarudisha waya wa betri, akawasha gari. Taa ikakaa kidogo, ikazima.

Bibi akaingia mbele, akafunga mkanda. Taa ikawaka kifuani pake, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, nyekundu, na picha ileile ya mtu na puto ikipenya sweta.

"Sasa inawaka hapa," bibi alisema.

Mkunga akainama kutazama. "Inauma?"

"Haiumi. Ina joto kidogo."

"Basi vuta sweta, mama, tutachelewa kliniki."

Fundi akainamia dirisha. "Bibi, hapo mbele yako pana tambara tu. Mkigongwa hakuna cha kukukinga. Kaa nyuma."

"Huyu mdogo wangu kwa mizaha!" kaka akacheka. Mkunga naye akacheka. Kwenye dashibodi kulikuwa na giza, kama mkunga alivyotaka. Bibi hakucheka.

"Nyuma natapika, mwanangu," alisema taratibu. Wakaondoka.

Tangu siku hiyo fundi akawa anaziona taa hizo vifuani kila mahali: kwa muuza dawa, kwa mapacha wa jirani, kwa bwana harusi mmoja ndani ya suti nyeupe. Washonaji walianza kushona kitambaa mara mbili kifuani. Shuleni, watoto wenye taa waliambiwa wakae dawati la mwisho, wasiwasumbue wenzao kusoma ubaoni.

Alhamisi moja alikwenda ofisi ya ukaguzi wa magari, akaeleza yote, hata alichochomelea kwa mkono wake mwenyewe. Mkaguzi alimsikiliza kwa adabu, taa yake ikiwaka nyuma ya tai.

"Dashibodi zinaonyesha kitu?" aliuliza.

"Hazionyeshi."

"Basi, dada. Sisi tunakagua dashibodi."

Alipotoka, wifi yake, mke wa kaka, alikuwa anapita na gari. Akasimama ampe lifti. Jua lilikuwa kali, lakini wifi alikuwa amevaa koti zito, amelifunga mpaka shingoni, na bado wekundu ulikuwa unavuja kwenye vifungo.

Fundi alibaki ameshika mlango. "Wifi, kaka ameiona hiyo?"

"Ataachaje kuiona? Ndiye aliyeninunulia koti. Ingia, tunazuia watu njia."

Nyuma yao honi zilikuwa zimeshaanza. Fundi akaingia, akafunga mkanda. Chini ya mtulinga wake joto likaanza kupanda, pole pole, kama chai inayomwagikia nguo.

"Koti jingine liko kiti cha nyuma," wifi alisema, akatia gia.