Siku Niliyotafsiri Mara Mbili

Sikukuu ya uhuru wa nchi yetu iliangukia siku ya kazi, maana huku ugenini wenyeji hawana habari nayo. Asubuhi nilipangiwa kutafsiri katika ofisi ya wahamiaji. Alasiri nilitakiwa ukumbini, ambako chama chetu cha watu wa nyumbani kilikuwa kimekodi viti na spika. Mke wangu alinipigia pasi shati jeupe.

"Usichelewe," alisema. "Leo huna udhuru."

Ukalimani ni kazi ya bomba: maji yapite, bomba lisinywe. Mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Kwa miaka sita nimekuwa mjane, dereva wa lori, hata mwizi wa baiskeli, na jioni narudi kuwa baba wa watoto wawili.

Chumba kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lisilofunguka. Afisa, dada mwenye mafua, alikuwa na boksi la karatasi za kupengea kando ya kompyuta. Mbele yake alikaa mama wa makamo aliyekuja kuomba hifadhi. Alikuwa mkunga wa zahanati, na gauni lake lilipigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alipofungua kinywa tu nikajua ni wa nchi yangu. Nilitamani kumwamkia kama tunavyoamkiana nyumbani, lakini sheria hairuhusu.

"Wilaya yetu ilitakiwa kwa mashamba makubwa," alieleza. "Tulipewa wiki mbili. Siku ya mwisho wakaja askari. Walitufukuza kama kuku walioingia jikoni."

Sikupanga, lakini nilisikia sauti yangu ikimwambia afisa kwamba watu wa wilaya hiyo walihamishwa. Nilikuwa kama mtu aliyefikiwa na mgeni ghafla, akakimbilia kufunga mlango wa jikoni ili vyombo vichafu visionekane.

Mama alinitazama. Alikuwa amekaa huku mwaka mzima, na kuna maneno ya ugenini ambayo mtu huyajua kabla ya salamu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi sikuhamishwa."

Afisa aliacha kuandika. "Anasema nini?"

Ningeweza kuzuga. Mkalimani akitaka kuzuga hakosi njia. Lakini yule mama alikuwa bado ananitazama, bila hasira, kama anayengoja mtoto amalize kusema uongo.

"Anasema nimekosea," nilijibu. "Neno lake ni kufukuzwa. Tafadhali rekebisha."

Afisa akapenga kamasi, akafuta, akaandika upya. Nikamgeukia mama. "Samahani, mama."

"Haya, tuendelee."

Akaendelea. Kati ya wale askari alimtambua mmoja. "Nilimpokea mimi mwenyewe alipozaliwa, alitanguliza miguu. Alikibeba kitanda changu mpaka barabarani, polepole, kama amebeba mayai. Kisha akarudi kusaidia kuzitia moto nyumba zetu. Hakuniangalia usoni."

Nikasema kwa lugha ya wenyeji: "Nilimpokea mimi mwenyewe alipozaliwa." Nikajifanya nakohoa. Afisa akanisogezea boksi lake, akidhani amenipa mafua.

Mwishoni alimuuliza mama kama ana la kuongeza.

"Aniambie tu kama tutamaliza kabla ya saa sita. Leo ni sikukuu yetu, na nimewaahidi wanangu tutakula pamoja."

Afisa alishangaa. "Bado unaisherehekea? Nchi hiyo hiyo?"

Nilipomtafsiria, mama alicheka kidogo. "Walionifukuza nimeshawataja kwa majina, wameandikwa hapo. Nchi sikuwaachia wao."

Nililipitisha neno hilo jinsi lilivyo. Sijui aliamuliwa nini. Majibu huja kwa barua, na mkalimani hapelekewi nakala.

Ukumbini nilikuta watu wamependeza na watoto wanakimbizana kati ya viti. Mwenyekiti wetu, fundi viatu tunayemwita Mzee Soli, alipanda jukwaani na hotuba yake, nami nikasimama kando kuwatafsiria majirani wenyeji tuliowaalika. Alipofika katikati akasoma: "Nchi yetu ni mama ambaye hajawahi kumtupa mtoto wake."

Akanyamaza kuningoja. Ukumbi mzima ukaningoja. Mke wangu aliinua nyusi. Nikayatafsiri maneno ya mzee kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza, kwa kuwa ulimi ulikuwa wangu lakini maneno yalikuwa yake. Baadaye tuliimba wimbo wa taifa. Niliimba beti zote, na machozi yalinitoka, nisijue nalia kwa upendo au kwa aibu.

Watu walipotawanyika, Mzee Soli alinikuta nakunja viti.

"Mbona hotuba yangu umeitafsiri kama tangazo la msiba?"

Siri ya ofisi hailetwi ukumbini. Nikamwambia tu, "Mwakani niachie mimi niandike."

"Utaandika nini?"

"Sijajua bado, mzee. Ila lile la mama nitaliondoa."

Nilidhani atakasirika. Alishika kiti akaacha kukikunja.

"Lile nililifuta mara mbili nikalirudisha," alisema. "Mdogo wangu yuko gerezani kule mwaka wa nne sasa, kwa maneno aliyosema mkutanoni. Nami nasimama hapa na kipaza sauti."

Hatukuwahi kujua kwamba ana mdogo wake. Akakifungua kile kiti, akaketi. Nami nikavuta changu nikakaa karibu naye, akaanza kunisimulia tangu walipokuwa watoto.