Kiti cha Mgeuza Kurasa

Binti yangu alikataa katakata mtu yeyote kukalia kile kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, mguu mmoja mfupi, kimewekwa kushoto kwa piano ya studio ya redio kwa ajili ya mgeuza kurasa, mtu wa kumfunulia mpigaji kitabu cha noti. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake. Baba mtu hakuweza kupiga hata wimbo wa chekechea, lakini noti alizisoma vizuri. Kila ukurasa ulipokaribia kuisha alilamba kidole, akainuka nusu, akageuza, na mkanda wa chuma wa saa yake, uliolegea, ukagonga ubao wa piano. Ti. Nilimwambia mara nyingi aupeleke kwa fundi ukazwe. Hakuupeleka. Alipofariki, saa aliichukua mdogo wake, akahama nayo mbali.

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Siku hiyo kituo chetu kilikuwa kinamuenzi mtunzi mmoja wa kale wa muziki wa piano. Tangu alfajiri ulikuwa muziki wake tu, na kabla ya adhuhuri binti yangu alitakiwa kupiga moja kwa moja hewani. Walimu wa chuo cha muziki wangemsikiliza redioni. Akifika mwisho bila kukwama, nafasi ya chuo ni yake.

Shida ilikuwa ukurasa mmoja karibu na mwisho. Pale mikono yote miwili ina kazi, hakuna wa kugeuzia. Mtangazaji wetu, ambaye tunamwita Asali kwa sababu ya utamu wa sauti yake, alijitolea kugeuza. Alisema hata gazeti huwa analifunua bila kulikunja.

"Mama, kiti kina mwenyewe," binti yangu akasema.

Nilimjibu kwamba mwenyewe yuko makaburini na tulimpeleka pamoja. Hakunisikiliza, akaanza kunyoosha vidole. Ubishi huo kaurithi kwangu. Nikamchukua Asali, tukamwacha peke yake studioni.

Taa nyekundu ikawaka. Nikiwa chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo, nilivaa hedifoni. Kurasa za mwanzo aligeuza mwenyewe, haraka, kama anafukuza nzi. Nilipandisha kidogo kipaza sauti cha kushoto, ndipo niliposikia pumzi. Ya binti yangu naijua, nyepesi. Hii ilikuwa ya mtu mzima mwenye mafua yasiyoisha, na ilitoka kwenye kiti. Nilikagua waya. Feni ilikuwa imezimwa. Nilimuuliza Asali kama anasikia kitu. Akasema anasikia piano, kwani nilitaka asikie tarumbeta?

Tukafika kwenye ule ukurasa. Nilifumba macho kusubiri akwame. Nikasikia mate kwenye kidole. Karatasi. Ti.

Nilipofumbua, ukurasa ulikuwa umegeuka, na binti yangu anatabasamu bila kutazama pembeni. Akamaliza, safi kabisa.

Asali akavuta kipaza sauti chake ampongeze. Kabla hajafungua mdomo, karatasi tena, ti. Kitabu kikafunuka kwenye kipande kilichofuata. Binti yangu hajawahi kujifunza kile kipande. Akakipiga. Ukurasa, ti, ukurasa, ti, na mwendo unaongezeka. Asali aliniinulia dole gumba. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Tabasamu lilibaki mdomoni tu, lakini macho yalikuwa yananiita kupitia kioo. Midomo ilianza kupauka. Kwenye hedifoni pumzi ilikuwa moja, nayo ilikuwa ile ya kiti.

Mlango wa studio haufunguliwi taa nyekundu ikiwaka. Nimewafokea watu kwa hilo miaka yote. Niliufungua.

Nilikaa kwenye kile kiti kwa nguvu, kama ninayegombea nafasi kwenye benchi la hospitali. Mbao ilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Mwenzangu, inatosha," nikasema, kipaza sauti kiko wazi. "Umemsaidia, asante. Sasa mwache mtoto apumue."

Nikafunga kitabu. Jalada likasukumwa kutoka chini, taratibu, kama na mtu anayeomba aongezewe dakika moja. Nililikandamiza kwa viganja viwili mpaka likatulia.

Binti yangu akavuta hewa kama aliyetolewa majini. Mikono ikamwangukia mapajani.

Mchana walimu wa chuo walipiga simu. Wamempokea, ila walitaka kujua yule mama mwenye kelele ni nani. Waliomba pia aje na mgeuza kurasa wake, maana kwa kazi ile walikuwa hawajasikia fundi kama yeye. Nikawaambia mgeuza kurasa ni mimi.

Sijui noti. Najifunza kila jioni, binti yangu akinionyesha mstari kwa kidevu huku anapiga. Nikichelewa kidogo tu kugeuza, nasikia ti, karibu na bega langu. Kwa hiyo sichelewi.