Hatua Mia Nne za Mwalimu Eustace

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1954, saa kumi alasiri, waliohudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima katika kambi ya mgodi walikuwa hawa: Onesmo, karani wa stoo, Maganga, mchimbaji kutoka Kagongwa, Donatus, mpishi wa meneja, na Paskalia, mke wa fundi baruti, ambaye kila mtu alimwita Mama Justa kwa jina la bintiye. Kalisti hakuwepo, alikuwa shimoni. Chini ya majina hayo Mwalimu Eustace Kamwendo aliandika, kwa wino uleule, kwamba nyumba yake sasa ilikuwa hatua mia tatu tisini na moja kutoka mstari wa kwanza wa nyumba za wafanyakazi. Wiki iliyotangulia zilikuwa mia nne. Alikausha wino, akafunga daftari la mahudhurio, akaanza somo.

Alikuwa mtu wa Nyasaland, mwenye cheti cha chuo cha ualimu, aliyejitolea kupitia kanisa lake kufundisha ugenini kwa miaka miwili bila mshahara. Alisafiri kwa lori, kwa basi na kwa garimoshi hadi Shinyanga, akalazwa hospitali ya Kolandoto wiki mbili kwa homa, kisha akapanda lori jingine kwenda magharibi, kwenye vilima vya dhahabu. Alipofika, meneja alifungua kitabu cha kanuni za makazi ili ajue amweke wapi. Kitabu kilitaja Wazungu, waliokaa kilimani. Wahindi, waliokaa karibu na duka. Na wafanyakazi Waafrika, waliokaa kambini. Mwafrika ambaye hakuwa mfanyakazi, na ambaye alifundisha Kiingereza, hakuwa na daraja. Kanuni ilisema tu kwamba nyumba za madaraja mbalimbali zitenganishwe kwa hatua mia nne, huo ukiwa umbali unaomchosha mbu. Kwa hiyo alijengewa chumba kimoja cha matofali na bati katikati ya uwanda mtupu, mlango ukielekea kilimani, ambako hakualikwa.

Huko alipika ugali wa mtu mmoja. Alisahihisha madaftari. Kinyanja, lugha ya kwao, alikitamka kwa sauti mara moja kwa siku, alipokiombea baraka chakula, ili kisimpotee. Kambini watu walisalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu zinazouliza nyumbani, watoto na ng'ombe. Kutoka nyuma ya nyumba yake zilionekana tu kama watu wawili waliosimama pamoja muda mrefu.

Nyumba ilisogea jioni, saa ya kuinjika vyungu. Haikutoa kelele. Sakafu ya saruji ilikwenda pamoja na kuta, na choo kilifuata kwa nyuma, kikitunza nafasi yake ya siku zote.

Darasani jambo hilo lilizungumzwa mara moja tu. Maganga alieleza kwamba kwao mtu akihama, vijana wa kijiji humbebea paa mabegani hadi kiwanja kipya. Nyumba hii ilikuwa imengoja mabega, haikuyaona. Onesmo alikataa maelezo hayo.

"Haihami hiyo," alisema. "Mwalimu hana mke. Nyumba inakwenda kuposa."

"Basi ije na ng'ombe," alisema Mama Justa bila kuinua macho kwenye kibao chake. "Kwetu hatupokei bati."

Nyumba ilipofika hatua mia tatu sabini, sauti ya mtu aliyesalimu kambini ilimfikia Mwalimu, lakini bila maneno. Kwenye mia tatu arobaini maneno yalifika. Jioni hiyo Mama Justa alisimama mlangoni pake, katika mstari wa kwanza, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Mwalimu." Naye akaitikia, "Mwadila, Mama Justa," akaulizwa habari za nyumbani, za mama yake, za dada yake, za mvua za Nyasaland, akazijibu zote. Ugali wake uliungua, akaula hivyohivyo. Jumapili Mama Justa alimletea bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, na ilifika ikiwa bado moto. Mwalimu aliliandika hilo pia katika daftari la mahudhurio, ingawa halikuwa na safu yake.

Mpima ardhi wa mgodi alikuja na mnyororo wake siku ya Jumanne. Alipima mara mbili, akaona kanuni imevunjwa kwa hatua sitini. Kuirudisha nyumba kulihitaji kibali cha makao makuu ng'ambo, kwa kuwa nyumba ilikuwa mali ya mgodi na imo katika orodha. Kuwahamisha wafanyakazi kulihitaji tangazo. Lilibandikwa kwa Kiingereza ukutani mwa stoo, na darasa likaenda kulisoma. Onesmo alisoma mistari miwili, Donatus miwili, Mama Justa wa mwisho, uliosema kwamba wakazi wa mstari wa kwanza watabomoa na kujenga upya wenyewe, siku zao za mapumziko. Lilikuwa andiko la kwanza walilolisoma lote bila msaada. Mwalimu alisahihisha matamshi ya neno moja.

Mstari wa kwanza ukarudi nyuma hatua sitini. Nyumba ilitulia siku mbili, kisha ikaanza tena safari. Tangazo la pili lilitoka katikati ya Novemba, na safari hii mstari ulijengwa ukingoni mwa mbuga, ambako udongo ni mweusi na maji ya mvua hayana pa kwenda. Mvua zilipoanza, sakafu ya Mama Justa ililowana, na Justa akashikwa na homa. Mbu wa mbugani hawakuwa na hatua zozote za kuwachosha.

Mwalimu alimwandikia meneja akiomba ahamie kambini. Alijibiwa kwamba bado hana daraja, na kwamba mwandiko wake ni mzuri. Aliwaza kurudi kwao. Maganga alimwambia haitasaidia; nyumba tupu haina mzigo, itakwenda mbio zaidi.

Mama Justa hakukosa darasa. Siku moja alibaki wenzake walipotoka, miguu yake ikiwa na tope hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa walikuwa wamekwisha salimiana.

"Marahaba, Mama Justa."

"Nyumba yako tunaipenda. Ikija tunaiona, tunasema huyo anakuja. Ila nyuma yetu sasa ni maji."

Alichukua kibao chake, akaenda.

Ijumaa, tarehe 10 Desemba, waliitwa majina, na wote watano waliitika. Mstari wa kwanza wote ulikuwa umemaliza kuhamishwa mara ya pili, na tangu hapo nyumba ilikuwa imesogea hatua tatu. Kanuni ilisamehe upungufu wa hatua tano. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni, akaweka chaki mahali pake, akageuka.

"Kesho, baada ya zamu, tutaifunga nyumba," alisema. "Maganga alete kamba ya ngozi. Donatus na Kalisti wachimbie nguzo mbili. Onesmo atahesabu hatua, nami nitazihakiki."

Mama Justa alitazama mikono yake. Maganga aliuliza kama ambavyo angeuliza juu ya mnyama yeyote.

"Iachiwe kamba kiasi gani, Mwalimu? Fahali huachiwa ya kulala na ya kugeuka."

Mwalimu alitazama nje ya dirisha, kule uwandani, ambako ukuta wa nyuma wa nyumba yake ulikuwa umewaelekea, mweupe, bila hata dirisha.

"Ya kugeuka tu," alisema. "Mlango utazame kwenu."